Walinzi wa zamani wa NFL: Page, Greene, Butkus, Deacon Jones na Night Train Lane. Ungeanza timu na nani?

BabaNeema_MN (Brooklyn Park, Minnesota)

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Kijana wangu anacheza futiboli ya Kimarekani kwenye timu ya shule yake, safu ya mbele ya ulinzi. Jumapili tukiwa mezani akanitupia swali: "Baba, katika walinzi wa zamani, wale wa kabla hujafika huku, ukipewa timu mpya ungeanza na nani?" Nikamtajia jina. Akauliza kwa nini. Nilipoanza kueleza nikaona nusu ya sababu zangu ni mapenzi tu, maana nimeishi Minnesota miaka 19 na timu ya hapa imeniingia damuni. Ndiyo maana nalileta swali kwenu, nipate watu wa kunipinga kwa hoja.

Masharti ni haya. Awe amecheza NFL, ligi kuu ya mchezo huu Marekani, kabla ya 1982, mwaka ambao ligi hiyo ilianza kuweka hesabu rasmi ya makotabeki kuangushwa. Lawrence Taylor aliingia 1981, lakini kazi yake kubwa aliifanya baada ya hapo, kwa hiyo tumwache. Nimeweka majina matano. Anayetaka kuongeza aongeze.

Kwa mliozoea soka: timu inayoshambulia inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, ikifaulu inapewa manne mengine. Kotabeki ndiye anayepokea mpira na kuamua autupe au ampe mtu akimbie nao. Mbele yake wanasimama wazuiaji watano wa kumkinga. Walinzi kazi yao ni kuupasua ukuta huo wamfikie, au kumkaba anayekimbia, au kuinasa pasi ikiwa bado hewani.

Nianze na wangu, Alan Page. Amezaliwa Canton, Ohio, mji uleule lilipo Jumba la Umaarufu la mchezo huu, wanamoenziwa waliong'ara kuliko wote. Akiwa kijana alifanya kibarua kwenye ujenzi wa jumba hilo, na mwaka 1988 akaingizwa humo kama mchezaji. Minnesota Vikings walimchukua 1967 kutoka Notre Dame. Mwaka 1971 shirika la habari la AP likamtangaza Mchezaji Bora wa ligi nzima, na kabla yake hakuna mlinzi aliyewahi kupewa heshima hiyo. Misimu 15, mechi 218, hakukosa hata moja. Alizuia mikwaju 28.

Lakini tuache tarakimu kidogo. Tafuteni filamu yoyote ya Vikings ya miaka ile, msiutazame mpira, mtazameni namba 88. Mpira ukitikisika tu mkononi mwa senta, yule mzuiaji wa katikati anayeutoa kwa kotabeki, Page keshalipita bega la mzuiaji, na yule mzuiaji ndiyo kwanza ananyanyua mikono. Hakuwa mzito. Alipoanza kukimbia mbio ndefu akapungua hadi kilo mia moja na kidogo, Vikings wakamwacha katikati ya msimu wa 1978 kwa sababu hiyo. Chicago wakamchukua, akacheza hadi 1981. Mwaka huohuo wa 1978 alimaliza shahada ya sheria Chuo Kikuu cha Minnesota, na kuanzia 1993 hadi 2015 alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo letu, mtu mweusi wa kwanza kukalia kiti hicho.

Wa pili, Joe Greene wa Pittsburgh Steelers. Alichaguliwa wa nne katika uteuzi wa wachezaji wapya wa 1969, msimu ambao Steelers walishinda mechi 1 wakapoteza 13. Alipostaafu 1981 walikuwa na mataji manne ya Super Bowl, yaani fainali ya ligi. Mlinzi Bora wa mwaka mara mbili, 1972 na 1974.

Wa tatu Dick Butkus, lainibeka wa kati (mlinzi anayesimama nyuma ya safu ya mbele) wa Chicago Bears, 1965 hadi 1973. Misimu tisa tu, goti likamshinda. Alinasa pasi 22 na kuokota mipira 27 iliyodondoka.

Wa nne Deacon Jones wa Los Angeles Rams, na wa tano Dick Lane, waliyemwita Night Train, yaani treni ya usiku. Hawa wawili nawaachia wanaowajua kuliko mimi.

Karibuni.

Mwana_Steel (Pittsburgh)

Mkuu BabaNeema, heshima yako. Umemweleza Page vizuri, ila umeruka siku moja ambayo Page wako na Greene wangu walikuwa uwanja mmoja.

Januari 12, 1975, New Orleans, uwanja wa Tulane, kwa kuwa ule mpya wenye paa ulikuwa haujakamilika. Super Bowl ya tisa. Steelers walikuwa wameanzishwa 1933 na hawajawahi kuchukua ubingwa. Vikings walikimbia na mpira mara 21 siku ile. Unajua walipata yadi ngapi jumla? 17. Greene alinasa pasi moja na kuokota mpira mmoja uliodondoka. L.C. Greenwood, yule mrefu aliyekuwa akivaa viatu vya rangi ya dhahabu, alikuwa akizipiga pasi za Fran Tarkenton, kotabeki wa Vikings, kwa viganja kabla hazijavuka mstari. Mechi ikaisha 16 kwa 6, na hizo 6 za Vikings hazikutoka kwa washambuliaji wao, zilitoka kwenye mkwaju wa Steelers uliozuiwa.

Na kuna Dwight White. Wiki ile nzima alikuwa amelazwa hospitali na nimonia. Alipungua kilo kama nane. Wengi walijua hatacheza. Asubuhi ya mechi akatoka kitandani, akavaa, akaingia. Robo ya pili Tarkenton akakosea kumkabidhi mkimbiaji wake mpira, mpira ukabiringika hadi eneo lao la mwisho, Tarkenton akaulalia, na aliyemgusa palepale chini ni White. Ukikabwa na mpira ndani ya eneo lako mwenyewe, wapinzani wanapata pointi 2. Timu zikaenda mapumziko 2 kwa 0, na pointi zote za kipindi kile ni za mtu aliyetoka wodini.

Sasa kwa nini naanza na Greene na si Page. Kawaida mlinzi wa katikati anajipanga uso kwa uso na mzuiaji wake. Mwaka 1974 Greene alianza kujipanga mshazari, bega moja limeingia kwenye mwanya kati ya senta na gadi, mzuiaji wa pembeni yake. Mpira ukitoka tu anakuwa yuko tayari kati ya watu wawili, na wawili hao wote wanalazimika kumshika. Wakimshika wawili, Jack Lambert nyuma yake anabaki hana mtu wa kumzuia. Lambert alikuwa mgeni msimu ule, mwembamba kwa lainibeka. Ungempa Lambert timu nyingine angepata shida kukua haraka vile. Page aling'aa mwenyewe. Greene alijikalisha kwenye msongamano ili wenzake wang'ae, na bado akachukua tuzo ya Mlinzi Bora mwaka huohuo.

Kama mnataka kumuona peke yake pia, tafuteni mechi ya Desemba 1972 dhidi ya Houston. Steelers wamejaa majeruhi. Waliohesabu kwenye filamu wanasema alimwangusha kotabeki mara tano. Akazuia mkwaju wa pointi 3, akaokota mpira uliodondoka. Steelers wakashinda 9 kwa 3.

Kitete_Boy (Tabora)

Nafuatilia kwa makini wakuu. Mchezo huu nimeanza kuujua mwaka jana kupitia simu. Huyo Lane mmeandika treni ya usiku lakini hamjamweleza. Nimeona mahali kwamba alinasa pasi 14 msimu mmoja. Ni nyingi kiasi gani hizo?

Mzizima_LA (Los Angeles)

Kitete_Boy, ni nyingi kiasi hiki: ilikuwa 1952, msimu wake wa kwanza kabisa, na ligi ilikuwa inacheza mechi 12. Leo timu zinacheza mechi 17, pasi zinatupwa mara nyingi zaidi, na bado hakuna aliyefika 14. Zaidi ya miaka 70 imepita, mdogo wangu.

Na mtu mwenyewe alitoka wapi? Alitupwa akiwa mchanga, Austin, Texas. Mama mmoja anaitwa Ella Lane alisikia kilio akadhani ni paka, kwenda kuangalia ni mtoto wa miezi mitatu amefungwa kwenye magazeti. Akamchukua akamlea na wanawe. Dick akakua, akasoma chuo kidogo kwa muda mfupi, akaenda jeshini miaka minne. Alipotoka akapata kazi kiwanda cha ndege hapa kwetu kusini mwa California, kubeba mabati yanayotiririka mafuta. Kazi ile aliichukia. Akaona ofisi ya Rams, akaingia mlangoni na kitabu alichobandika vipande vya magazeti vinavyomtaja, akaomba kujaribiwa. Hakuchaguliwa na timu yoyote katika uteuzi wa wachezaji wapya. Aliomba kazi kama mtu anavyoomba ulinzi wa geti.

Kambini walimjaribu kama mpokeaji wa pasi, akawa anachanganyikiwa na mipango ya mashambulizi. Akawa anakwenda chumbani kwa Tom Fears, mpokeaji mkongwe, kujifunza. Fears alikuwa na santuri anayoipenda, na jina la wimbo ule ndilo wenzake wakambandika Lane. Baadaye kocha akamhamishia ulinzi, na mengine mnayajua.

Wakuu, mimi nina kipimo changu, na ndicho kinachonifanya niwaweke Lane na Deacon Jones juu ya Page na Greene: angalieni kitabu cha sheria. Mlinzi akiwa mzuri, washambuliaji wanabadilisha mpango. Akiwa mzuri kupita kiasi, ligi inabadilisha sheria.

Lane alikuwa anamkaba mtu shingoni na kichwani, mkono umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Ukabaji ule ukapewa jina lake, kisha ukapigwa marufuku. Kumshika mtu chuma cha uso cha helmeti nako kukapigwa marufuku.

Deacon Jones naye ana yake. Jina lake halisi ni David. Anasema mwenyewe alilibadilisha kwa sababu kitabu cha simu cha Los Angeles kilijaa akina David Jones, naye alitaka akumbukwe. Rams walimchukua raundi ya 14 mwaka 1961. Watafuta vipaji wao walikuwa wanaangalia filamu ya mchezaji mwingine, wakaona jitu la safu ya ulinzi linawafukuza wakimbiaji na kuwapata. Alikuwa amefukuzwa ufadhili wa masomo katika chuo chake cha kwanza South Carolina kwa kushiriki maandamano ya haki za watu weusi.

Silaha yake ilikuwa kofi. Mpira ukitoka, kiganja wazi kinatua ubavuni mwa helmeti ya mzuiaji. Mtu yeyote akipigwa karibu na jicho anafumba, hata ajizuie vipi. Kule kufumba kwa nukta moja ndiko Jones alikokuwa anakutafuta. Mzuiaji akifumbua, Jones hayupo mbele yake tena. Mwaka 1977 ligi ikalipiga marufuku kofi lile.

Na lile neno la Kiingereza la kumwangusha kotabeki nyuma ya ukuta wake, "sack", yaani gunia, yeye ndiye aliyelieneza. Alieleza kwamba unawachukua washambuliaji wote, unawatia kwenye gunia, kisha unalipiga lile gunia kwa gongo. Kwa hiyo sisi tunaosema beki kamtia mtu mfukoni, yeye alisema kamtia guniani. Watafiti waliopitia filamu na rekodi za zamani wamemhesabia kuangusha makotabeki mara 173.5 (nusu ni pale walipoangusha wawili), na kati ya hizo 21.5 ni za 1967 na 22 za 1968, misimu ya mechi 14. Kwenye rekodi rasmi ya ligi ana sifuri, kwa sababu alistaafu 1974. Linaniuma sana jambo hili. Mtu kakipa kitendo jina, halafu kwenye safu ya kitendo hicho jina lake halimo.

Kwa kipimo hichohicho ongezeni Mel Blount wa Steelers, beki wa pembeni. Mwaka 1975 alinasa pasi 11. Alikuwa anawasukuma wapokeaji uwanja mzima mpaka 1978 ligi ikaweka sheria: ukishapita yadi 5, usimguse. Watu waliiita sheria ya Mel Blount.

Raga_Ngara (Nairobi)

Ndugu zangu, nimecheza raga miaka 11, nafasi ya flanka. Sikuwahi kuvaa helmeti. Lakini kukaba nakujua, kwa hiyo nitasema kuhusu kukaba tu.

Mtazameni Butkus polepole, fremu kwa fremu. Sisi raga tulifundishwa kushuka chini, bega kwenye mapaja, kichwa kando, mikono ifunge. Butkus anakaba juu, kifuani. Kifua kwa kifua. Anamfunga mtu mikono, anamnyanyua kidogo nyayo ziache nyasi, halafu anatembea naye. Sasa angalia mkono wa kulia. Wakati mwili unamwangusha mtu, ule mkono tayari unauchimbua mpira. Anafanya kazi mbili kwa pumzi moja. Ndiyo maana mipira 27 iliyodondoka aliiokota yeye, nami naamini mingi aliidondosha yeye mwenyewe.

Kaka Mwana_Steel anasema Greene aliwafanya wenzake wang'ae. Sawa. Lakini Greene alikuwa na Greenwood, Ernie Holmes na White kwenye mstari mmoja, Lambert na Jack Ham nyuma, Blount nyuma zaidi. Page alikuwa na Carl Eller na Jim Marshall. Jones alikuwa na Merlin Olsen, Rosey Grier na Lamar Lundy. Butkus alikuwa na nani? Katika misimu yake tisa Bears walishinda 48, wakapoteza 74, wakatoka sare 4. Hakucheza mechi hata moja ya mtoano. Mwaka 1969 walishinda 1 na kupoteza 13, na mwaka huo bado alitajwa kwenye kikosi bora cha ligi. Kotabeki wa timu pinzani anajua yuko mtu mmoja tu wa kumkwepa, na bado anashindwa kumkwepa.

Nina tukio moja ninalolipenda. Novemba 1971, Bears na Washington, Bears wamesawazisha 15 kwa 15 na wanataka kupiga mkwaju wa pointi 1. Mpira unatoka vibaya, unapita juu. Bobby Douglass aliyekuwa aushike chini anakimbia nyuma kuufuata, anauokota, anazunguka huku watu wanamfukuza. Butkus amesimama pale kama mzuiaji tu. Anaona mambo yameharibika, anakimbilia eneo la mwisho akipunga mikono. Douglass anautupa juu. Butkus anaruka, anaudaka kati ya watu. 16 kwa 15, na ndivyo mechi ilivyokwisha. Yeye mwenyewe alilitaja kama tukio analolipenda kuliko yote aliyocheza.

Mimi naanza na Butkus. Timu mpya haina wachezaji, BabaNeema. Ndivyo alivyouliza kijana wako: *timu mpya*. Basi mchukue aliyezoea kucheza bila wachezaji.

Mwana_Steel (Pittsburgh)

Raga_Ngara, hoja ya timu mpya ni nzito, nakubali. Lakini kumbuka Greene naye alifika timu ikiwa 1 kwa 13, mwaka uleule wa 1969. Bears na Steelers walikuwa mkiani pamoja. Tofauti ni kwamba kocha Chuck Noll alipata muda wa kujenga kuzunguka mtu mmoja, na Butkus hakujengewa.

DadaSalma_RN (Houston)

Assalaam alaykum kaka zangu. Nimesoma yote, na nimejifunza. Naomba niseme kama muuguzi wa wodi ya mishipa ya fahamu.

Kaka Mzizima, lile kofi la helmeti umelieleza kwa ufundi na kwa mapenzi. Mimi nimelisoma nikiwa nimetoka zamu ya usiku ya kumlisha mwanaume aliyewahi kuwa na nguvu kama hao. Yule mzuiaji aliyefumba macho alirudi nyumbani na kichwa kile. Kesho mazoezini akapigwa tena.

Kuna jina linaloihusu Pittsburgh ambalo halijatajwa. Mike Webster, senta wa Steelers, aliingia mwaka uleule na Lambert, 1974. Hakuwa mlinzi. Alikuwa ukuta ambao akina Greene waliugonga mazoezini siku zote. Alifariki Septemba 2002, ana miaka 50, baada ya miaka ya kuchanganyikiwa. Aliyeuchunguza ubongo wake ni mwenzetu Mwafrika, daktari Bennet Omalu, Mnigeria aliyekuwa akifanya kazi ofisi ya uchunguzi wa vifo ya kaunti ya huko Pittsburgh. Kwa macho ubongo ulionekana mzima. Hakuridhika, akaomba ukatwe vipande vyembamba apige darubini, na ndani akakuta uharibifu unaotokana na kichwa kugongwa mara nyingi kwa miaka mingi. Alichapisha matokeo 2005. Ligi ilimpinga kwa miaka.

Kwa hiyo kipimo cha kitabu cha sheria mimi nakisoma kinyume. Sheria ya 1977 ilikuja kwa sababu ya uzuri wa Jones, ndiyo. Lakini ingekuja 1961 kuna watu ningewakuta wodini wanajua majina ya watoto wao.

Kama mnaniruhusu kuongeza jina, naongeza Emlen Tunnell wa New York Giants. Mwaka 1948 alisafiri kwenda ofisi ya Giants kuomba kujaribiwa, sehemu ya safari akapewa lifti na lori la ndizi. Wakamchukua, mtu mweusi wa kwanza kuichezea timu ile. Alicheza nyuma kabisa, nafasi ya mlinzi wa mwisho, akanasa pasi 79 mpaka anastaafu. Mwaka 1952, huo huo wa Lane, yadi alizokimbia akirudisha mipira zilizidi yadi za mkimbiaji aliyeongoza ligi. Na mwaka 1967 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuingia Jumba la Umaarufu.

Kabla ya hayo yote alikuwa baharia wa walinzi wa pwani wakati wa vita. Mwaka 1944 meli yao ilipigwa kombora karibu na Papua New Guinea. Mwenzake mmoja akashika moto. Tunnell akauzima ule moto kwa mikono yake mwenyewe, akaungua naye. Miaka miwili baadaye akamtoa mwingine kwenye maji ya baridi ya Newfoundland. Mikono iliyokuwa inanasa pasi ndiyo hiyo. Mimi naanza timu na yeye.

Mzizima_LA (Los Angeles)

Dada Salma, wa alaykum salaam. Umenigusa na sina la kupinga hapo. Nilikuwa nalitazama kofi kutoka upande wa Jones tu, tangu nianze kuangalia mchezo huu. Jones namwacha kwenye orodha yangu, maana alicheza kwa sheria za wakati wake, na sidhani mtu alimweleza madhara. Lakini kipimo changu nakirekebisha: Blount abaki kwa kipimo hicho, kwa sababu yeye hakuumiza kichwa cha mtu, aliwazidi tu wapokeaji mpaka ligi ikawahurumia.

Tunnell nilimsahau, na sikupaswa kumsahau. Pasi 79 ni 11 zaidi ya Lane.

Kitete_Boy (Tabora)

Dada Salma asante sana. Leo nimejifunza mengi kuliko mwaka mzima. Wakuu, na hao Vikings, mbona hawakuchukua taji hata moja na Page wakiwa naye?

BabaNeema_MN (Brooklyn Park, Minnesota)

Kitete_Boy, ndugu yangu, walifika Super Bowl mara nne: msimu wa 1969, wa 1973, wa 1974 na wa 1976. Wakapoteza zote nne. Huku kwetu wazee wanazitaja tarehe zile kama misiba. Ila nikizitazama mechi zile, walinzi hawakuwa tatizo la kwanza. Mwana_Steel mwenyewe kasema, siku ile ya New Orleans washambuliaji wa Vikings hawakupata hata pointi moja. Page hawezi kunasa mpira, kuzuia mkwaju, kisha aende pia kutupa pasi.

Mwana_Steel, kuhusu Greene kujipanga mshazari umenifundisha. Nilikuwa naona tu anavyosimama kombo, sikujua hesabu ya Lambert nyuma yake. Usiku huohuo nikaiweka mechi ile nikaisimamisha kila kabla ya mpira kutoka. Kweli kabisa, wawili wanamwendea kila mara, na Lambert anapita katikati kama mtu anayevuka barabara tupu.

Raga_Ngara, hoja yako ya *timu mpya* ndiyo iliyonitesa zaidi. Nimeisoma kwa sauti mezani. Bado namshika Page, kwa sababu ya mechi 218 bila kukosa. Timu mpya inahitaji mtu atakayekuwepo. Butkus goti lilimnyima misimu mingine mitano au sita, na si kosa lake. Lakini nafasi ya pili nilikuwa nimempa Jones, sasa nampa Butkus. Dada Salma, Tunnell anaingia orodha yangu, na ninamshukuru Mungu kwa kazi yako.

Kijana naye nimeketi naye. Kwanza tulizungumza habari za Webster na Omalu, maana yeye ndiye anayeingia uwanjani Ijumaa, si mimi. Mama yake alikuwepo. Tumekubaliana akigongwa kichwa akasikia chochote, kizunguzungu au mwanga kumuumiza macho, anamwambia kocha palepale na anakaa nje, hata kama ni fainali. Akaahidi. Kisha tukatazama Super Bowl ya tisa yote, mimi nikimwonyesha Page na Greene kwa kidole. Ilipofika ile robo ya pili, mpira umebiringika, Tarkenton chini, akanishika mkono.

"Baba, huyo ndiye aliyetoka hospitali?"

Nikamwambia ndiye. Akarudisha nyuma, akatazama tena, akarudisha tena. Nikamuuliza: haya, sasa ungeanza na nani? Akanijibu angeanza na huyo. Nikamwambia hayumo kwenye orodha. Akasema anajua.

Mwana_Steel, White alikuwa anavaa namba gani? Anataka kuiomba shuleni.

Mwana_Steel (Pittsburgh)

78, mkuu. Ukingo wa kulia, pembeni kwa Holmes. Mwambie mjomba wake wa Pittsburgh anamsalimu.